Ziwa Naivasha halikuvamia mtu

Ipo sentensi moja ambayo vyombo vyetu vya habari huitoa ghalani kila maziwa ya Bonde la Ufa yanapopanda: "Ziwa limevamia makao ya watu." Ilitumika mwaka 2020, ikatumika tena mwishoni mwa mwaka 2025, maji ya Ziwa Naivasha yalipoingia mtaa wa Kihoto, maelfu ya wakazi wakahama, na mashua ambazo kwa kawaida huwatembeza watalii zikageuka kuwa za kuwaokoa wenyeji na vyombo vyao vya nyumbani.

Tuitazame sentensi hiyo kwa jicho la sarufi, kwani ndiyo kazi inayonilisha. Kitenzi "kuvamia" humtaka mtenda mwenye nia. Mwizi huvamia duka, jeshi huvamia nchi, fisi huvamia zizi. Mtu akishasema kwamba ziwa limevamia, amekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa: mkosaji ni maji. Nani aliyeipima ardhi ile vipande vipande? Nani aliyeiuza? Nani aliyeidhinisha ramani, na kwa kuzingatia mwaka gani wa ziwa? Maswali hayo hayana nafasi katika sentensi, na lisilo na nafasi katika sentensi aghalabu hukosa nafasi katika mjadala wa taifa.

Msomaji ataniuliza mkazi wa Membley, hapa Ruiru, ana shughuli gani na Naivasha. Ana shughuli mbili. Ya kwanza ni ya jiografia. Asubuhi isiyo na mawingu, kutoka mitaa hii yetu iliyoota palipokuwa na mashamba ya kahawa, mtu huiona safu ya milima ya Nyandarua. Mvua inyeshayo upande wetu wa milima hiyo hushuka kwa mito ya Ruiru, Chania na Thika, nasi tumeizuia njiani kwa mabwawa: Ruiru mwaka 1950, Sasumua mwaka 1956, Ndakaini mwaka 1994, ili Nairobi ipate kunywa. Mvua inyeshayo upande wa pili huingia Mto Malewa, na Malewa huishia Naivasha. Mito ya Gilgil na Karati nayo huchangia, lakini mchango wake ni mdogo ukilinganishwa na wa Malewa. Kwa hiyo sisi na watu wa Kihoto hunyweshewa na mlima mmoja. Sisi tumepewa bomba, wao wamepewa ziwa.

Shughuli ya pili ni ya mfuko. Anayesafiri katika Barabara ya Thika anajua jinsi ardhi inavyouzwa kwa mabango, kwa vijikaratasi na kwa maneno matamu. Tangu reli mpya ilipofika Suswa mwaka 2019, na habari za bandari kavu zikaenea, viwanja vya Naivasha vimekuwa wimbo. Na wanunuzi ni akina nani? Ni walimu kwa wingi, watu wenye mshahara wa uhakika na mkopo wa chama cha akiba. Mwalimu wa Ruiru au Juja hukatwa mshahara kwa miaka mingi ili alipie robo ekari ambayo hajawahi kuiona msimu wa mvua. Maneno "karibu na ziwa" humvutia kama vile "karibu na lami". Hapa ndipo elimu ya ziwa lenyewe inapokuwa na faida kuliko elimu ya bei.

Naivasha ni ziwa la mlimani, ijapokuwa limekaa bondeni. Uso wake uko takriban mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na hakuna ziwa jingine katika Bonde la Ufa la Kenya lililo juu kuliko hilo. Milima ya Nyandarua iko mashariki yake, Eburru kaskazini-magharibi, Longonot kusini. Ni pana lakini si la kina kirefu. Sehemu kubwa yake haifiki kina cha jengo la ghorofa tatu, isipokuwa karibu na Kisiwa cha Crescent, ambacho ni ukingo wa shimo la volkano lililozama.

Ajabu yake kubwa ni kwamba maji yake ni baridi, yaani hayana chumvi, ilhali ziwa halina mto unaotoka. Ziwa lisilo na mlango wa kutokea hujilimbikizia chumvi mwaka baada ya mwaka, kama sufuria inayochemka bila kifuniko. Ndivyo zilivyo Nakuru, Elmenteita na Magadi. Naivasha imeponea kwa mlango wa siri: maji hupenya chini ya ardhi, kupitia miamba ya volkano, na kuondoka na chumvi yake. Ushahidi umo hukohuko. Katika miongo ya maji machache, kidimbwi cha Oloiden kilichojitenga upande wa kusini-magharibi kiligeuka kuwa cha magadi, na flamingo wakakimiminikia. Maji yalipopanda, kidimbwi kikarudi mikononi mwa mama yake.

Zamani za kale mlango haukuwa wa siri. Wataalamu waliochunguza matope ya chini ya ziwa wamegundua kwamba yapata miaka 9,000 iliyopita ziwa lilikuwa kubwa mno kuliko la leo, na maji yake yalifurika kuelekea kusini kupitia korongo la Njorowa. Korongo hilo ndilo Hell's Gate, mbuga ya taifa tangu mwaka 1984, ambako shule zetu hupeleka wanafunzi kuendesha baiskeli, kupanda miamba na kupiga picha. Mwanafunzi anayepita kati ya kuta zile anatembea ndani ya mfereji wa ziwa. Maji hayajaisahau njia hiyo: mafuriko ya ghafla yaliua watu korongoni humo mwaka 2012 na tena mwaka 2019, ingawa hayo yalikuwa ya mvua na si ya ziwa. Kisha, yapata miaka 3,000 iliyopita, ziwa hilohilo lilikauka kabisa. Tuliweke hili akilini kabla ya kuzungumzia "kiwango cha kawaida". Kawaida ipi?

Wamaasai walijua. Jina Naivasha ni masikio ya Wazungu yaliyolipotoa neno la Kimaasai, Nai'posha, lenye maana ya maji yanayochafuka na kupanda na kushuka. Wenye ng'ombe hawakuliita ziwa kwa ukubwa wake wala kwa uzuri wake, bali kwa mwendo wake. Baadaye tukalichukua jina, tukaiacha maana. Hutokea mara nyingi lugha inaporithiwa na wasioisema.

Sasa nije kwenye neno ambalo Kiswahili chenyewe kinatupa, nalo ni "pwani". Wengi wetu wa bara tunalitumia kwa maana ya Mombasa, Lamu na Malindi. Lakini asili yake ni kitenzi "kupwa", yaani maji kurudi nyuma na kuacha ardhi wazi, pamoja na kiambishi "-ni" cha mahali. Pwani ni pale maji yanapopwa. Ni ardhi ambayo leo asubuhi unaweza kuitembea kwa miguu, ukaokota chaza, na alasiri ukaihitajia ngalawa. Mswahili wa mwambao ana msamiati mzima wa jambo hilo: maji kujaa, maji kupwa, bamvua, maji mafu. Humwoni akichimba msingi wa nyumba penye mchanga uliolowa, hata kama bahari iko mbali wakati huo. Anajua ardhi ile imekopwa, na mwenyewe yuko njiani.

Naivasha nayo ina pwani. Tofauti ni kwamba kupwa na kujaa kwake hakuchukui saa sita, bali huweza kuchukua miaka thelathini. Mtoto huzaliwa maji yakiwa yamepwa, akakua, akaoa, akanunua kiwanja penye nyasi kavu, akajenga, na hajawahi kusikia bamvua. Si mjinga, ila maisha ya mtu ni mafupi kuliko pumzi moja ya ziwa hili.

Rekodi zipo. Mwishoni mwa karne ya 19 maji yalikuwa juu sana. Mwaka 1906 yalipimwa, na mstari wa futi 6,210 juu ya usawa wa bahari, yaani karibu mita 1,893, ukawekwa kuwa mpaka wa mashamba ya walowezi. Takriban mwaka 1917 yakapanda kuupita mstari huo. Kisha yakaanza kupwa, yakapwa kwa miongo, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 ziwa lilikuwa limenywea vibaya. Yakajaa tena miaka ya 1960. Yakapwa, hata mwaka 2009 ziwa likafikia kiwango cha chini ambacho wazee wachache tu walikuwa wamekiona, na mwezi wa Februari 2010 samaki wakafa kwa wingi huku watu wakiyanyoshea vidole mashamba ya maua. Tangu mwaka huohuo wa 2010 maji yameelekea kupanda. Mwaka 2020 yakafurika, na mwaka 2025 yakafurika tena.

Jambo la kutia uchungu ni kwamba walowezi walilielewa somo hili karibu miaka mia moja iliyopita. Ziwa lilipopwa na kuacha ardhi tupu mbele ya mashamba yao, wenye mashamba walianzisha chama, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 wakaafikiana na serikali ya kikoloni: wangeweza kuitumia ardhi iliyo chini ya mstari wa 1906 kwa kulima na kulisha mifugo, lakini ingebaki kuwa amana, wala wasingejenga humo majengo ya kudumu. Hawakufanya hivyo kwa mapenzi ya mazingira. Walikuwa wakilinda mali yao, na ardhi yenyewe walikuwa wameipata kwa kuwaondoa Wamaasai, jambo ambalo chama hakikuhangaika nalo. Hata hivyo walikuwa na neno la kisheria kwa kitu ambacho Kiswahili kilikuwa na neno lake tangu hapo, na neno hilo lilizuia ujenzi kwa muda mrefu. Chama hichohicho ndicho baadaye kilichosukuma Naivasha iandikishwe mwaka 1995 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa.

Lakini amana haikuhimili msukumo wa mji. Kilimo cha maua kilichoanza katika miaka ya 1970 na kushamiri katika miaka ya 1980 kilivuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi, na kufikia sensa ya mwaka 2019 watu wa kaunti ndogo ya Naivasha walikuwa zaidi ya 350,000. Watu hao walihitaji mahali pa kulala. Ardhi ya juu ilikuwa ya mashamba makubwa, ya hifadhi, ya mitambo ya mvuke ya Olkaria. Iliyobaki kwa bei ya kibarua ilikuwa ile tambarare ya chini. Na ardhi tambarare ndiyo yenye hatari kuu, kwa sababu maji yakipanda mita moja tu kwa wima, huenda mbele mamia ya mita kwa ulalo. Kanuni zetu za maji hutaja ukanda wa mita 6 hadi 30 kutoka ukingoni. Kwa mto kama wetu wa Kamiti, wenye kingo zinazoonekana, hesabu hiyo ina maana. Kwa ziwa linalosafiri zaidi ya kilomita, mita 30 ni mzaha.

Nitie neno pembeni: "kihoto" katika Kigikuyu ni haki, ni hoja yenye nguvu isiyopingika. Mtaa wenye jina hilo ndio uliokwenda majini. Wakazi wake wanastahili kihoto kutoka kwa kila aliyetia sahihi au kupokea pesa ili viwanja vile viwepo. Kuwaambia kwamba walijitakia ni kuitumia sayansi kama fimbo ya kumpigia aliyekwisha kuanguka.

Haitoshi kusema vilevile kwamba kila kitu ni desturi ya kale ya ziwa. Mvua nyingi za mwishoni mwa 2019, zilizotokana na joto lisilo la kawaida la Bahari ya Hindi upande wa magharibi, zilikuwa za aina ambayo wanasayansi wanatarajia tutaiona mara nyingi zaidi dunia inapozidi kupata joto. Ripoti ya serikali ya mwaka 2021 kuhusu kupanda kwa maziwa ya Bonde la Ufa ilitaja mvua, na pia matumizi mabaya ya ardhi katika miinuko, kwa kuwa mteremko uliokatwa miti hauzuii maji wala udongo. Tope la Kinangop huingia Malewa, Malewa huliteremsha ziwani, na sakafu ya ziwa hupanda. Bamvua ya leo, basi, ina mkono wa binadamu ndani yake. Hiyo ni sababu ya kuongeza tahadhari, wala haiyapi maji hatia ya "kuvamia".

Nizungumzie burudani, maana kwa Wakenya wengi Naivasha ni neno la sikukuu. Burudani imeligeuza ziwa hili kuliko tunavyodhani. Samaki wa asili alikuwa mmoja tu, kidagaa kisichomfaa mvuvi wala mpishi, na hakijaonekana tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ngege aliletwa mwaka 1925. Mwishoni mwa mwongo huo akaletwa samaki mla-nyama aitwaye bass kutoka Marekani, si kwa njaa ya mtu bali kwa mchezo wa kuvua kwa ndoana, ili mabwana wapate samaki mwenye kupigana. Mwaka 1970 akaingizwa kamba wa maji baridi kutoka Louisiana, naye akaitafuna mimea ya majini hata yungiyungi za buluu zilizopendezesha kingo zikatoweka. Gugumaji likaonekana mwaka 1988. Kwa hiyo yule kwazi mweupe kichwa, ambaye mwenye mashua humrushia samaki ili wageni wapate picha, anakula chakula cha kigeni katika bustani iliyopandwa na wapita njia. Kuanzia mwaka 1937 hata ndege za Imperial Airways zilizotua majini zilifanya ziwa hili kuwa kituo, abiria wakashuka na kupelekwa Nairobi kwa barabara.

Na leo? Ufuo wa Naivasha umezungukwa na seng'enge za hoteli na mashamba, na mwananchi wa kawaida ameachiwa sehemu chache za umma, kama vile Karagita na Kamere. Shule inayokuja na wanafunzi wasio na uwezo wa kiingilio cha hoteli hujibana hapo pamoja na wavuvi, wauza samaki na ng'ombe wanaonywa maji. Maji yanapopanda, sehemu hizo ndizo za kwanza kumezwa, na viboko ambao malisho yao yamezama husogea kuelekea kwa watu. Mwezi wa Agosti mwaka 2018, hata kabla ya mafuriko, kiboko alimwua mtalii na mvuvi siku moja. Mwalimu anayepanga ziara na ahakikishe kwamba mashua ina majaketi ya kuokolea ya kutosha na nahodha asiye na pupa ya kuwakaribia wanyama.

Akiwa humo mashuani, amwombe nahodha apitie penye ile migunga iliyokufa, inayosimama ndani ya maji kama nguzo zisizo na paa. Watalii huipiga picha kwa kuwa mnandi hupenda kutua juu yake. Wanafunzi waulizwe swali jepesi: mgunga humea majini? Haumei. Basi miti ile mikubwa ilipata wapi miaka ya kukua? Ilikua maji yakiwa yamepwa, ikanenepa, ikafikiri, kama ingekuwa na fikira, kwamba pale ni nchi kavu. Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo mwenyewe hatahitaji mhadhara wangu.

Ninalolidai ni dogo, na halihitaji mfadhili wa ng'ambo. Mstari wa 1906 umo katika ramani za wapimaji, lakini mnunuzi wa kiwanja hapigwi na ramani machoni, hupigwa na nyasi za kijani na uso mkunjufu wa dalali. Serikali ya Kaunti ya Nakuru pamoja na wapimaji wa serikali kuu wautoe mstari huo makabatini na kuusimika ardhini, kwa vigingi vya saruji vilivyopakwa rangi, kuzunguka ziwa lote, kila penye njia na kila penye lango la hoteli, vikiwa vimeandikwa kwa Kiswahili kwamba hapa maji yaliwahi kufika, na mwaka gani. Ofisi ya ardhi isipokee mgawanyo wowote wa kiwanja kilicho upande wa ziwa wa vigingi hivyo. Waliokwisha kununua chini ya mstari wahamishwe kwa fidia, na fidia ianzie kwa waliouza.

Hadi siku hiyo itakapofika, mwalimu mwenzangu wa Ruiru au Thika anayetiwa hamu na kiwanja cha Naivasha na asimwulize dalali kiwanja kiko umbali gani kutoka ziwani. Amwulize kiko futi ngapi juu ya usawa wa bahari. Jibu likiwa chini ya 6,210, au dalali akianza kuzungumzia mandhari, nauli ya kurudi Ruiru ni nafuu kuliko mkopo.